X haifunguki, lakini WhatsApp inafunguka

Ndugu yangu wa Masasi, umeuliza kwa nini X (zamani Twitter) haifunguki na kama VPN itakusaidia. Kwa kuwa bei za mnada wa korosho zinakufikia kwa WhatsApp bila shida ilhali X imegoma tangu Mei 2025, tatizo lako si simu wala bando, bali ni uchujaji unaolenga jukwaa hilo peke yake.

VPN ni programu inayopitisha mawasiliano yako, yakiwa yamesimbwa (yamefichwa kwa msimbo), kwenye seva iliyo nchi nyingine, hivyo mtoa huduma wako haoni unasoma nini. Hata hivyo, zingatia sheria kabla ya kuipakua: Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliwataka watumiaji wa VPN waziandikishe, na kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020 zinakataza nyenzo za kufikia maudhui yaliyopigwa marufuku. Naamini kutaka habari si uovu, lakini nakusihi usiipuuze hatari hiyo.

Epuka VPN ya bure isiyojulikana mmiliki wake, kwa maana yeye ndiye atakayeona unakopita. Intaneti ikizimwa kabisa, kama ilivyotokea Oktoba 29, 2025, VPN haisaidii.

Ukiitwa polisi kwa sababu ya VPN, omba kuzungumza na wakili kabla ya kuandika maelezo. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hutoa msaada wa kisheria.