Kutoka Nungwi hadi Stoney Cove: usiende na mazoea ya bahari

Ndugu yangu, umesema cheti cha uzamiaji ulikipatia Nungwi, sasa uko Leicester, Uingereza, na wenzako wanakuita Stoney Cove mwezi Machi. Nenda, ila ujiandae upya.

Stoney Cove ni machimbo ya mawe yaliyojaa maji, na adui wa kwanza ni baridi. Machi maji huwa chini ya nyuzi 10; regyuleta (kifaa cha kupumulia) ya kawaida inaweza kuganda na kumwaga hewa mfululizo hadi mtungi uishe. Kodi regyuleta inayohimili baridi. Suti isiyopitisha maji ni nzuri, lakini ina mafunzo yake, usiijaribie kilindini. Pima upya vipande vya risasi unavyovaa ili uzame, ukiwa na mwalimu: maji yale hayana chumvi, na suti nene inakuinua. Matope yakitibuliwa hamtaonana, kwa hiyo usimwache mwenzako, na shika tochi.

Cheti chako cha kwanza kinaishia mita 18. Stanegarth, meli iliyozama humo, iko chini zaidi. Iache, hata wakikubembeleza.

Kama una pumu au tatizo la moyo, mwone kwanza daktari anayejua uzamiaji. Ukitoka majini na ganzi, kizunguzungu au maumivu ya viungo, usisubiri yapite: vuta oksijeni, na piga 999, namba ya dharura ya huko, papo hapo.