Maswali ya Bustani: Masika Yamekatika, Sasa Je?

Ndugu wahariri, kikundi chetu cha kujitolea kinahudumia bustani ya mboga nyuma ya zahanati. Aprili tulisia nyanya, zikaota vizuri, kisha baada ya wiki miche ikaanza kulala chini. Tulipiga dawa ya sota, wale viwavi wakatao miche, wapi! Tatizo ni nini? (Katibu wa kikundi, Temeke)

Ndugu katibu, kabla ya kupiga dawa ungekagua shina pale linapotoka ardhini. Sota hutafuna: mche huonekana umekatwa, na ukifukua sentimita mbili tatu pembeni yake utamkuta amejikunja. Kama shina limesinyaa likawa jembamba kama uzi, rangi ya kahawia na majimaji, hicho ni kinyausi. Kinatokana na kuvu wa udongoni, kwa hiyo dawa ya wadudu haikigusi.

Kinyausi hupenda mambo mawili, miche iliyosongamana na udongo usiokauka juu, na masika huleta yote mawili kama mbegu zilimwagwa kwa kiganja. Inueni kitalu sentimita 20, upana mita 1 ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Sieni kwenye mistari iliyoachana sentimita 15, kina sentimita 1, mfunike kwa nyasi kavu. Nyasi hizo ziondoke siku ileile mbegu zinapochomoza. Wengi huziacha kwa huruma, miche ikarefuka na kulegea. Ng'oleeni ibaki nafasi ya sentimita 3 kati ya mche na mche. Maji ni asubuhi tu.

Pale ilipofia miche msisie tena nyanya, pilipili wala biringanya msimu ujao. Jua la Januari na Februari linaweza kuwasaidia: lowesheni kitalu, tandazeni nailoni angavu, zikeni kingo zake kwa udongo, mwache wiki 4 hadi 6. Nailoni nyeusi haipitishi jua hadi kwenye udongo, joto lake halifiki kina kinachotakiwa. Na kusema kweli, nyanya ya Aprili huku Pwani ni kujitafutia balaa. Sieni mwishoni mwa Mei, mhamishie shambani kipupwe.

Lundo letu la mboji lina miezi mitatu. Linanuka kama yai viza, na majani ya mwembe bado mazima. Tuongeze samadi? (Msomaji, Bagamoyo)

Msiongeze. Harufu hiyo inasema ndani hakuna hewa, mvua imelishindilia. Lipangueni lote, mlipange upya juu ya vijiti vilivyolazwa chini: makavu sentimita 20, mabichi sentimita 10, samadi sentimita 5, kisha mrudie hadi lifike kimo cha mita 1 au zaidi. Likiwa dogo kuliko hapo halishiki joto. Jani la mwembe ni gumu, likatekateni kwa panga kwanza. Lifunikeni kwa makuti, mchomeke fimbo hadi katikati. Siku ya nne ichomoeni muishike: ikiwa ya moto, kazi inaendelea, ikiwa baridi na kavu, ongezeni maji, baridi na imelowa, pindueni. Kiasi sahihi cha maji mtakijua kwa kufinya konzi moja: ishikamane, lakini isichuruzike. Pindueni kila baada ya wiki 3.

Jambo moja huharibu bustani nyingi za kushirikiana: kila anayepalilia hutupa ndago kwenye lundo. Vifundo vya ndago vikikaa pembezoni, kwenye ubaridi, havifi, na mboji ikisambazwa mnakuwa mmeipanda ndago bustani nzima. Anikeni kwanza juu ya sakafu au bati hadi vifundo vikauke kabisa.

Zamu za kumwagilia zinatugombanisha. Tuta la mchicha la mita 1 kwa 5 linahitaji ndoo ngapi? (Mwenyekiti, Kigamboni)

Kipupwe, kadirieni lita 4 hadi 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Tuta lenu ni mita 5 za mraba, hivyo ni ndoo moja ya lita 20, ikizidi kidogo hakuna ubaya. Miche ikiwa changa igaweni asubuhi na jioni. Andikeni hesabu hiyo ukutani, maana mwenye zamu akimwaga nusu ndoo, juu pataonekana pamelowa ilhali mizizi ina kiu. Chimbeni kwa kidole: unyevu ufike sentimita 10. Kama maji ni ya kisima na kingo za majani zinaungua, yaonjeni; huenda ni chumvi. Mchicha utavumilia kiasi, maharage hayatavumilia.