Ureasi imeshatoka kwenye ribosomu, sasa UreG inakomaza nini tena?

Swali: Habari ya kazi mwalimu. Nasomea maabara, niko hapa Arua. Tumefundishwa kipimo cha ureasi, enzaimu inayovunja urea, kile kinyama kidogo cha tumbo kinatiwa kwenye jeli ya njano, ikigeuka pinki basi kuna Helicobacter pylori, yule bakteria wa tumbo. Nikaenda kusoma zaidi nikakutana na protini inaitwa UreG, wanasema inakomaza ureasi, na picha ya kristali yake ipo. Hapo nimekwama. Jini ipo, ribosomu imemaliza, protini imekunjwa, sasa inakomazwa nini? Na hiyo kristali inamsaidia nini mgonjwa? Alafu rafiki yangu kwa mradi wake aliweka jini za ureA na ureB, zile za vipande viwili vya ureasi yenyewe, ndani ya E. coli, bakteria wa kawaida wa maabara, protini ikatoka nyingi sana lakini haifanyi kazi hata kidogo, msimamizi wake anasema imeharibika. Ni kweli?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na rafiki yako manake kesi yake ndo jibu lenyewe. Sidhani hiyo protini imeharibika, nadhani haijamalizwa. Ureasi ikitoka kwenye ribosomu inakunjika vizuri, inashikana na wenzake, ukiipitisha kwenye jeli ya umeme mistari yake unaiona palepale unapoitegemea, lakini mahali pake pa kazi ni patupu. Pale panatakiwa atomu mbili za nikeli zikae karibu karibu, umbali wa kama angstromu 3.5, zimeshikwa na amino asidi za protini yenyewe, histidini nne na asparteti moja, na katikati yake kuna nyingine, laisini moja, ambayo lazima kwanza ibandikwe kaboni dayoksaidi ndo iweze kuzishika zote mbili. Bila hizo nikeli urea haivunjwi, jeli yako inabaki njano hata ukiweka protini kijiko kizima.

Na usimwambie amwagie nikeli tu juu. Watu walishafanya hivyo na ureasi ya Klebsiella, bakteria mwingine, wakaweka nikeli pamoja na bikaboneti, ikaamka sehemu ndogo tu, nyingine ikabaki imelala. Ile nafasi iko ndani sana, nikeli inaweza ikafika kabla laisini haijabandikwa kaboni dayoksaidi, au ikakaa vibaya. Ndo maana bakteria ana protini nyingine pembeni ambazo kazi yake ni hiyo hiyo, kuingiza nikeli kwa mpangilio. Hizo ni UreE, UreF, UreG na UreH, na kwenye bakteria wengine UreH utaikuta inaitwa UreD, usichanganyikiwe, ni ile ile. Helicobacter anaongezea HypA na HypB, ambazo kwa asili ni za kutengeneza enzaimu nyingine ya nikeli inaitwa hidrojenasi, lakini ukimtoa hizo mbili ureasi yake nayo inadhoofika.

Kwa nini shida yote hii kwa atomu mbili? Nikeli ni sumu kwa seli. Ukiiacha izurure inaenda kukaa kwenye protini ambazo zilitaka zinki au chuma au magnesiamu, na zikishaikamata haziachii kirahisi. Kwa hiyo tangu inaingia kupitia mlango wake unaoitwa NixA, inapitishwa mkono kwa mkono kama mtoto mchanga kwenye sherehe, anayemtoa hamwachii mpaka anayempokea amemshika. Na Helicobacter anahitaji nyingi kwelikweli: ureasi yake ina nakala 12 za UreA na 12 za UreB, nikeli 24 kwa mkusanyiko mmoja, na ureasi inaweza kufika asilimia 10 hivi ya protini yake yote. Hiyo ndo inamwezesha kuishi tumboni kwenye asidi, urea ikivunjwa amonia inatoka, asidi inapoa karibu yake. Walipojaribu kumpandikiza aina isiyo na ureasi kwenye tumbo la watoto wa nguruwe hakushika.

Sasa kristali. Kuna kitu nakipenda kwenye historia ya hii enzaimu: ureasi ndo kimeng'enya cha kwanza kabisa kugeuzwa kristali, James Sumner, mwaka 1926, kutoka kwenye aina ya maharage, na ikaja kumpa Nobel mwaka 1946. Lakini nikeli ndani yake ilikuja kujulikana 1975. Miaka karibu 50 watu walikuwa na kristali na hawajui kuna metali gani ndani! Kwa Sumner kristali ilikuwa ushahidi kwamba enzaimu ni protini, basi. Kuisoma kwa eksirei ukaona kila atomu imekaa wapi kulikuja baadaye sana, ya Klebsiella mwaka 1995, ya Helicobacter mwaka 2001.

Protini za kukomaza zilisumbua zaidi. UreG ikiwa peke yake inalegea, ya bakteria mmoja wa udongo ilipimwa ikaonekana haina umbo thabiti kabisa, na kitu kinachobadilika badilika hakijipangi kwa safu, bila safu hakuna kristali. Kundi la Chuo Kikuu cha Kichina cha Hong Kong walipita njia nyingine, wakaikamata UreG ikiwa imeshikana na wenzake. Mwaka 2011 wakatoa umbo la UreF na UreH pamoja, mwaka 2013 wakatoa UreG, UreF na UreH zote, mbili mbili, na ndani ya UreG kuna GDP, yaani kinachobaki baada ya GTP, molekuli ndogo ya nishati ya seli, kuvunjwa. Picha hiyo iko kwenye hifadhi ya maumbo ya protini kwa namba 4HI0.

Ukiitazama hiyo peke yake utaona tu rundo la utepe wa rangi. Maana yake inakuja ukiiweka kando ya nyingine, 5XKT, ya mwaka 2017, UreG ya Klebsiella ikiwa na nikeli na kitu kinachofanana na GTP. Nasema kinachofanana manake GTP yenyewe ingevunjwa kabla kristali haijakua, kwa hiyo waliweka ile isiyovunjika ili protini ikwame kwenye hali ya kushika mzigo. Tafuta kwenye zote mbili mahali pa amino asidi tatu, sisteini, prolini, histidini zikifuatana. Kwenye hali ya GTP, UreG mbili zinakaa uso kwa uso na kila moja inatoa sisteini yake na histidini yake, zinakuwa nne, katikati nikeli moja imebanwa sawasawa. Kwenye hali ya GDP zile sehemu zimesogea, sisteini na histidini zimetawanyika, hakuna pa kushika nikeli tena. Yaani GTP ikivunjwa mkono unafunguka. Ukiona hilo umeshaona kazi yote ya UreG: inapokea nikeli kutoka UreE ikiwa na GTP, inaipeleka kwa UreF na UreH ambazo zimeshakaa juu ya ureasi, GTP inavunjwa, na bikaboneti inauharakisha huo uvunjaji, nikeli inaachiwa. Inaonekana inapita kwenye njia ya ndani, mfereji kabisa, unaopita katikati ya UreF na UreH mpaka ndani ya ureasi, haitoki nje. Huo mfereji hata wale wa hadubini ya elektroni ya baridi wamekuja kuufuatilia baadaye mpaka unapoingia kwenye ureasi yenyewe.

Ila kristali ni protini imesimama. Haikuonyeshi mwendo, inakuonyesha vituo, na mwendo katikati ya vituo unathibitishwa kwa vipimo vingine, unabadilisha ile sisteini moja kuwa kitu kingine alafu unapima kama ureasi bado inaamka. Haiamki. Bila jaribio kama hilo mimi picha siiamini hata iwe nzuri namna gani, na wewe ukisoma ripoti yoyote ya kristali angalia kwanza kama walifanya hicho kitu.

Kwa mgonjwa. Mtu wa Koboko au wa Kampala anayeumwa alsa ya Helicobacter hatibiwi kwa kristali, anatibiwa kwa antibiotiki mbili na dawa ya kupunguza asidi kwa siku 14, na pale klarithromisini, mojawapo ya hizo antibiotiki, inaposhindwa au inapoogopwa usugu wanaongeza bismuthi, dawa ya metali. Hapo kwenye bismuthi ndo nataka usikilize. Imetumika kwa tumbo miaka mingi mno, watu wanajua inasaidia lakini inafanyaje hasa kulikuwa na maelezo mengi. Mwaka 2018 watafiti wa Hong Kong walionyesha kwamba bismuthi inaenda kukaa kwenye UreG, palepale kwenye sisteini na histidini, mahali pa nikeli, na UreG ikishakaliwa inashindwa kuvunja GTP na nikeli haifiki kwenye ureasi. Inafanya na mengine pia ndani ya bakteria, lakini hili moja usingeweza kulieleza bila umbo. Na binadamu hatuna ureasi, kwa hiyo kupiga njia ya kukomaza ureasi kunatoa nafasi ya dawa isiyomgusa mgonjwa sana. Dawa inayoipiga ureasi yenyewe ipo, asidi ya asetohidroksamiki, ilipata ruhusa Marekani kwa maambukizi ya mkojo yenye mawe, lakini madhara yake yameizuia isienee.

Hii pia ikukumbushe jambo la kazini: kile kipimo cha jeli kinasoma ureasi iliyokomaa na kufanya kazi, hakisomi bakteria. Mgonjwa akiwa kwenye omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi, bakteria wanapungua na kuhama, jeli inabaki njano na yeye bado ameambukizwa. Aache omeprazoli wiki mbili kabla, antibiotiki na bismuthi wiki nne. Na zile stripu za damu zinazopimwa kliniki za mjini zinaonyesha kinga ya mwili, aliyepona zamani bado anatoka na mistari miwili, tafadhali usimwanzishie mtu dawa kwa hiyo peke yake.

Rafiki yako sasa. Aweke kundi zima la jini, ureA, ureB, ureE, ureF, ureG na ureH, aongeze nikeli kidogo kwenye chakula cha bakteria, kidogo kweli, ikizidi E. coli anakufa. HypA na HypB asihangaike nazo kwanza, E. coli ana za kwake. Asitie EDTA kwenye bafa, inanyonya nikeli. Na kama protini yake ina mkia wa histidini na anaisafisha kwa kolamu ya nikeli, basi akija kupima nikeli iliyoko ndani hatajua ni ya ureasi au ni ya kolamu, atumie njia nyingine ya kusafisha. Akitaka kujua kama kitendanishi chake kinafanya kazi achukue unga wa soya mbichi, isiwe ya kukaanga, ina ureasi yake mwenyewe, akoroge na maji, aweke urea na fenoli nyekundu, ile rangi inayogeuka njano kuwa pinki. Ndo njia ile ile wanaosaga chakula cha kuku wanayotumia kujua kama soya imeiva. Ikigeuka pinki kwa soya na kubaki njano kwa protini yake, aende kwa msimamizi na hayo mawili mkononi waongee kuhusu jini zilizokosekana.