Bia kali, bia chungu na bia chachu

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Tunafungua baa ndogo hapa Arusha ya kuuza bia za viwanda vidogo. Wateja wetu wengi watakuwa wanazionja kwa mara ya kwanza, hivyo nataka menyu iwe na maelezo ya Kiswahili. Nimeandika: "Bia zetu za kisanii zimegemwa kwa chachu maalumu. Anayeanza ajue kwamba IPA ni bia kali." Mwenzangu anasema maneno haya yatawapoteza watu. Yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Mwenzako yuko sahihi, na neno litakalowapoteza kuliko yote ni "kali".

Kivumishi hiki kinabeba mengi: jua kali, wembe mkali, ndimu kali, mbwa mkali. Lakini likija suala la vinywaji, maana moja huzifunika nyingine, nayo ni wingi wa kileo. "Pombe kali" kwa Mtanzania ni gongo, wiski na jamii yake. Mteja akisoma "bia kali" ataelewa kwamba glasi mbili zitamlaza, ilhali kitakachomshtua kwenye IPA (India Pale Ale, aina ya bia yenye hopsi nyingi) tangu funda la kwanza ni uchungu. Uchungu huo unatoka kwenye hopsi, maua ya mmea unaotambaa, ambayo huchemshwa pamoja na maji ya kimea. Yakichemka kwa saa nzima hutoa uchungu mwingi. Yakitiwa dakika za mwisho hutoa zaidi harufu, mara nyingi ya machungwa, maembe au utomvu wa msonobari. Watengenezaji hupima uchungu kwa kipimo cha IBU. IPA ya Kimarekani huwa kati ya 40 na 70, na lager nyingi za kawaida hazivuki 25. Basi andika "bia chungu", bila kuogopa kwamba neno hilo litafukuza watu. Kahawa nayo ni chungu.

Kileo kitajwe kwa tarakimu. Kilimanjaro Lager ina asilimia 4.5, Tusker 4.2, IPA nyingi za Kimarekani huwa kati ya 5.5 na 7.5. Hapo mteja atajipimia mwenyewe. Uchungu na kileo haviendi pamoja kila mara: bia ya Ubelgiji iitwayo tripel hufika asilimia 8 au 9, na bado haina uchungu wa IPA. Hiyo ndiyo inayostahili kuitwa kali. Rangi nayo isimdanganye mtu. Guinness ya bomba, nyeusi kama ilivyo, ina kileo cha asilimia 4.2 tu, weusi wake unatokana na shayiri iliyokaangwa sana.

Sasa "chachu". Hapa kuna maneno mawili yaliyovaa sura moja. Kama nomino, chachu ni kile kinachoumua unga, kama katika "mikate isiyotiwa chachu" ya Biblia. Kama kivumishi, -chachu ni ladha ya maziwa yaliyolala au embe bichi: maziwa machachu, embe chachu. Na kwa kuwa "bia" iko katika ngeli ya I-ZI, kivumishi hakipati kiambishi kinachosikika, hivyo "bia chachu" na "chachu ya bia" zinachanganyika kwa urahisi. Kuna bia ambazo ladha yake ni chachu hasa, kwa mfano Berliner Weisse ya Ujerumani, yenye kileo kidogo cha asilimia 3 hivi, ambayo huchachushwa pia na bakteria wanaotengeneza asidi ileile ya maziwa mgando. Nashauri neno "chachu" mliachie ladha hiyo, na kile kinachogeuza sukari kuwa kileo mkiite "hamira ya bia". Msiishie kwenye "hamira" peke yake, kwa sababu msomaji ataona ile ya maandazi. Ya maandazi huchachusha pia, ila mara nyingi haitulii vizuri chini ya pipa na huacha harufu ya mkate.

"Kugema" ni kukata na kukinga utomvu. Mnazi hugemwa tembo, mwanzi hugemwa ulanzi kule Iringa, na ndiyo maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwenye magazeti ya Kenya utakuta "wagema wa chang'aa". Huko neno limepanuka, na sina ugomvi nalo. Arusha, mahali ambapo kila mtu anajua kwamba mbege hupikwa kwa ndizi na kimea cha ulezi, "kupika" ndilo neno lenu. Kazi yenyewe inalikubali: kimea cha shayiri kilichosagwa hulowekwa katika maji ya nyuzijoto 65 hadi 68 kwa saa moja, machicha yanachujwa, maji yanachemshwa na hopsi, kisha yanapozwa hadi kama nyuzijoto 20 ndipo hamira inatiwa. Kuanzia hapo jiko limezimwa, na kitenzi kinabadilika: bia inachachuka.

"Kisanii" liondoeni kabisa. Kwa Mtanzania wa leo, usanii umekuwa pia udanganyifu, na bia ya kisanii itasikika kama bia feki. "Bia ya kienyeji" nayo itamwelekeza mtu kwenye mbege na komoni. "Bia ya kiwanda kidogo" linaeleza kitu kilivyo. Vijana watasema "krafti", na si vibaya likitumika katika mazungumzo ya kaunta.

Ningeandika hivi: "Bia zetu zimepikwa katika kiwanda kidogo, kwa hamira ya bia. IPA ni bia chungu yenye harufu ya machungwa, kileo asilimia 6. Anayeanza aombe kwanza kionjo cha mililita 100." Asilimia hiyo mbadilishe kulingana na chupa. Vionjo vipangwe kutoka nyepesi kwenda nzito, chungu ikija mwishoni, kwa sababu ulimi uliokwisha kunywa IPA hausikii tena bia nyepesi.

Wafundisheni pia wahudumu kutenganisha "imechachuka" na "imechacha". Kwa masikio ya wengi, la kwanza ni bia iliyofanya kazi yake, la pili ni bia iliyoharibika. Mteja akisema Berliner Weisse yake imechacha, aelezwe kwamba ndivyo ilivyo. Akisema hivyo kuhusu lager, muhudumu ainuse: ikiwa na harufu ya siki, imeingiliwa na bakteria, ikinuka kama kicheche, chupa ilipigwa na mwanga. Zote mbili zibadilishwe bila ubishi.