Je, Kahawa Niliyouziwa ni Mbuni?

SWALI: Nilinunua robo kilo ya kahawa ya Ethiopia, pakiti imeandikwa "natural". Kikombe cha kwanza kilinukia stroberi, cha pili kikanukia pombe. Babangu, aliyelima kahawa Othaya, aliinusa akacheka: "Umeuziwa mbuni kwa bei ya dhahabu." Ni kweli? Na niipikeje? Mimi hutumia chujio la karatasi. – Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Dada, mpe mzee heshima yake, maana nusu ya maneno yake ni kweli. Mbuni na kahawa yako ya "natural" zote hukaushwa zikiwa ndani ya tunda, bila kumenywa wala kuoshwa. Tofauti iko kwenye tunda. Mbuni anayoijua yeye ni masazo ya msimu: yaliyonyauka mtini, yaliyoanguka, yakaanikwa uani na kuuzwa kwa bei ya chini, daraja la MH (mbuni nzito) au ML (mbuni nyepesi). Yako, kama muuzaji ni mwaminifu, ni matunda mekundu yaliyochaguliwa moja moja, yakatandazwa kwa tabaka jembamba juu ya vitanda vya wavu na kugeuzwa kila siku kwa wiki mbili, tatu, hadi unyevu ukafika kama asilimia 11. Huko Othaya mavuno makuu huangukia mvua za vuli, na tunda lisilopata jua huchacha kabla halijakauka. Si ajabu wakulima wetu wakashika kuosha.

Sasa hiyo pombe. Jua kwanza kama ni ya kahawa au ya mkono wako. Weka gramu 12 za kahawa iliyosagwa kikombeni, mimina mililita 200 za maji moto, subiri dakika 4, koroga juu kwa kijiko na uengue povu. Kisha iache ipoe, ipoe kweli. Ionje: ladha ya tunda ikizidi kujitokeza, kahawa ni nzima. Ikigeuka siki au muratina, ilichachia kitandani na hakuna upishi utakaoiokoa. Mimi niliwahi kununua gunia zima kwa kupumbazwa na harufu ya jamu. Miezi michache baadaye lilinuka zizi.

Lakini kwa kuwa kikombe chako cha kwanza kilikuwa kizuri, nashuku mkono. Kahawa hizi, hasa za Ethiopia, zikisagwa hutoa vumbi jingi, vumbi linaziba karatasi, maji yanakwama na utamu unakuwa mzito wenye uchungu. Kwa hiyo saga manene kuliko ulivyozoea.

Kabla ya kusaga, zimwage kwenye sinia uzichambue kama maharagwe. Utaona punje zilizopauka ambazo moto haukuzikoleza. Hizo zilichumwa mbichi, na ladha yake ni maganda ya njugu. Tatu tu zinatosha kuharibu kikombe. Zikiwa nyingi, basi uchaguzi wa matunda ulikuwa wa maneno tu, na mzee ameshinda.

Maji usiyasubiri sana. Video za Ulaya hukwambia uyaache yapoe dakika kadhaa, lakini Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, na maji huchemka kwenye nyuzi kama 94. Ukingoja hivyo utamimina maji ya kuogea. Fungua kifuniko, hesabu hadi thelathini, anza.

Gramu 15 kwa mililita 240. Lowesha kwa mililita 45, ngoja sekunde 40, kisha malizia kwa kumimina mara mbili, polepole, bila kukoroga. Yawe yameisha kuchuja kwenye dakika ya 3. Yakipita 3 na nusu, ongeza unene wa kusaga.

Safari ijayo uliza tarehe ya kukaangwa (mimi huzipenda baada ya wiki mbili) na ilikauka siku ngapi. Asiyejua la pili anauza pakiti.

Mzee mpe kikombe kilichopoa, bila sukari. Bei usimtajie.