Uchumi "umekua" au "umekuwa"?

Msomaji wetu wa Kibaigwa, wilayani Kongwa, anauliza: "Kila Juni taarifa ya hali ya uchumi ikisomwa bungeni Dodoma, hapa sokoni tunabishana. Wengine huandika uchumi umekuwa kwa asilimia fulani, wengine umekua. Ipi sahihi? Na Pato la Taifa si ndiyo fedha za Serikali?"

Sahihi ni umekua, kutokana na kitenzi kua, yaani kuongezeka. Kuwa ni kitenzi kingine, nacho hudai neno la kukikamilisha: uchumi umekuwa imara, umekuwa mgumu. Nomino ni ukuaji, si "ukuwaji".

Kosa linaloniuma zaidi liko kwenye kushuka. Mwaka 2019 uchumi wetu ulikua kwa asilimia 7.0, mwaka 2020, korona ilipoingia, ukakua kwa asilimia 4.8. Ukiandika hapo kwamba uchumi umeshuka, umempotosha msomaji, kwa sababu uliongezeka. Kilichopungua ni kasi. Basi andika: kasi ya ukuaji imepungua hadi asilimia 4.8.

Pato la Taifa, ambalo ndilo hupimia ukuaji huo wa uchumi, si fedha za Serikali hata kidogo. Ni thamani ya bidhaa na huduma zote za mwisho zinazozalishwa nchini kwa kipindi fulani, azalishe yeyote yule. Tuseme mkulima wa Hombolo kauza zabibu kwa shilingi 100,000, na aliyezinunua kasindika mvinyo akauuza kwa 250,000. Hatujumlishi 350,000, maana zabibu zingehesabiwa mara mbili. Tunachukua 100,000 za mkulima na 150,000 alizoongeza msindikaji. Nyongeza hiyo ndiyo huitwa ongezeko la thamani. Hata uwele uliouweka ghalani kwa chakula cha nyumbani hukadiriwa thamani yake ukaingizwa. Kazi ya mama ya kuusonga ugali wake haiingizwi, na hapo ndipo ninapoona kipimo hiki kina upungufu mkubwa.

Kinachoingia Hazina kwa kodi, ushuru na ada kiite mapato ya Serikali.

Wala usiandike "maendeleo yamekua kwa asilimia 5" ukikusudia Pato la Taifa. Maendeleo yana vipimo vyake. Tangu 1990 Umoja wa Mataifa hutoa Faharisi ya Maendeleo ya Binadamu, inayounganisha umri wa kuishi, elimu na kipato, na nchi inaweza kupanda kwenye pato ikabaki nyuma kwenye faharisi hiyo.