WRKY za muhogo: kwa nini hesabu yako inazidi 85

Mkuu, umesema BLAST (programu ya kutafuta mifuatano inayofanana) imekupa mistari zaidi ya 150 ya WRKY, familia ya protini zinazodhibiti jeni za mimea, kwenye muhogo, na makala ya mwaka 2016 ilitaja jeni 85. Kwanza angalia faili ulilotafutia. Phytozome, hifadhidata ya jenomu za mimea, ina faili mbili za protini kwa kila jenomu: moja lina transkripti zote (nakala mbalimbali za RNA zinazotokana na jeni), jingine lina transkripti moja kuu kwa kila jeni (jina lake lina maneno primaryTranscriptOnly). Ukichukua la kwanza, jeni moja yenye transkripti 3 inahesabiwa mara 3. Chukua la pili, na uandike toleo la jenomu, maana idadi ya jeni hubadilika kutoka toleo hadi toleo.

Ondoa nyota zilizo mwishoni mwa protini, la sivyo InterProScan (programu ya kutambua domeni za protini) itagoma ukiitumia:

sed 's/\*//g' muhogo.fa > safi.fa

Kisha pakua PF03106, modeli ya domeni ya WRKY (kipande cha protini kinachotambulisha familia hii), kutoka InterPro (hifadhidata ya Pfam sasa iko humo) na utafute kwa hmmsearch ya HMMER:

hmmsearch --cut_ga --domtblout matokeo.txt WRKY.hmm safi.fa

Hapa wengi hukosea tena. Faili hilo la matokeo hutoa mstari mmoja kwa kila domeni, na WRKY za kundi la I zina domeni mbili. Hesabu majina ya jeni yasiyojirudia, usihesabu mistari.

BLAST peke yake kwa kizingiti cha 1e-5 huokota protini zinazofanana na sehemu za nje ya domeni. Itumie kama msaada tu. Kinachosaidia zaidi ni kupanga domeni ulizopata kwa MAFFT (programu ya kulinganisha mifuatano), kutengeneza modeli ya muhogo wenyewe kwa hmmbuild ya HMMER, na kutafuta mara ya pili. Jeni ambazo modeli ya jumla ilizikosa kwa tofauti ndogo tu hujitokeza hapo.

Baada ya hapo kagua kwa macho, usione uvivu. Domeni ina takriban asidi amino 60: tafuta WRKYGQK, au mabadiliko yake kama WRKYGKK, halafu kidole cha zinki, yaani sehemu inayoshika zinki (hapa chini C ni sisteini, H ni histidini, X ni asidi amino yoyote, na namba ni idadi yake). Makundi ya I na II yana C-X4-5-C-X22-23-H-X-H. La III lina C-X7-C-X23-H-X-C. Kama kidole kimekatika, rudi kwenye jenomu kwa tblastn (BLAST inayotafuta protini ndani ya DNA) kabla ya kuitupa jeni hiyo, kwani huenda eksoni ilirukwa wakati wa kutambua jeni.

Tafadhali usipitishe orodha kwenye CD-HIT (programu inayounganisha mifuatano inayofanana) kwa ufanano wa 90% ili "kuondoa marudio". Jenomu ya muhogo iliwahi kujirudufu yote zamani, hivyo jeni mbili zinazokaribiana sana zikiwa kwenye kromosomu tofauti ni jeni mbili halali. Ukizifuta, hata uchambuzi wa MCScanX (wa kutafuta jeni zilizojirudufu) utakaofuata utakuwa umeharibika.

Mti wa nasaba ujenge kwa domeni tu, pamoja na WRKY za Arabidopsis (mmea wa mfano katika utafiti) kutoka TAIR, hifadhidata yake. Domeni mbili za kundi la I ziweke kama mifuatano miwili tofauti. IQ-TREE, programu ya kujenga mti, kwa -m MFP -B 1000 (bootstrap ya haraka, kipimo cha uhakika wa matawi) inatosha, ila matawi yanayoaminika kwa njia hiyo ni ya 95 na kuendelea. Kile kizingiti cha 70 ni cha bootstrap ya kawaida.